Watakatifu wa Siku za Mwisho na Skauti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi mitaani bado wanaliita la Wamormoni, lilikaa na chama cha skauti cha Marekani, Boy Scouts of America, kwa zaidi ya miaka 100. Tarehe 31 Desemba 2019 ukurasa ukafungwa. Maswali hayajakwisha, na mengi yanatoka kwa watu ambao hawakuwahi kuishi Utah, jimbo la Marekani yaliko makao makuu ya Kanisa: mzazi wa Nairobi ambaye binti yake ni skauti shuleni, familia ya Kikongo iliyohamia Salt Lake City na kukuta majirani wenye fremu za vyeti vya skauti ukutani, mwumini mpya aliyesoma kipande cha habari na kubaki na picha nusu. Haya hapa yanayojirudia zaidi. Majibu ni ya mwandishi, si tamko la Kanisa wala la chama chochote.

Kwani kanisa na skauti vinahusianaje? Si mtoto anajiunga tu shuleni?

Kwetu ndiyo. Skauti wa Kenya au Tanzania kwa kawaida anaanzia shuleni, chini ya mwalimu mlezi. Marekani mambo yamepangwa vingine. Chama cha taifa hakiendeshi makundi chenyewe. Kila kundi lina taasisi mlezi: kanisa, shule, klabu ya kiraia, hata kituo cha zimamoto. Mlezi ndiye anayetoa chumba cha kukutania na ndiye anayeidhinisha viongozi. Chama kinaleta mtaala, sare, beji na bima.

Makanisa mengi ya Marekani yalikuwa walezi kwa maana nyepesi: fungua ukumbi Jumanne jioni, wape watoto wa mtaa. Kanisa hili lilikwenda mbali kuliko yote. Skauti ndiyo iliyokuwa programu yake rasmi ya wavulana. Mtoto wa kiume akifikisha miaka 8, aliandikishwa skauti wadogo, Cub Scouts. Akifikisha 12, alitawazwa shemasi katika Ukuhani wa Haruni, ngazi ya kwanza ya ukuhani wa Kanisa, na wakati huohuo akahamia kundi la wakubwa. Ada ya uandikishaji ililipwa na Kanisa. Kiongozi naye hakujitolea kwa kupenda mahema. Askofu wa kata (kata kwao ni usharika wa mtaa) alimwita, akaitika, maana wito haukataliwi kirahisi. Ndiyo maana ungekuta mhasibu ambaye hajawahi kuwasha moto wa kuni anapewa wavulana kumi na mlima.

Na mvulana asiyependa kamba wala hema? Alikuwa skauti vilevile, kwenye karatasi.

Uhusiano huo ulianza lini?

Kanisa lilikuwa na chama chake cha kuwaendeleza vijana wa kiume tangu 1875, enzi za Brigham Young, Rais wa pili wa Kanisa. Skauti ya Mwingereza Baden-Powell, mwanzilishi wake, ilipovuka bahari na Boy Scouts of America kuundwa tarehe 8 Februari 1910, viongozi wa Utah hawakurukia. Mwaka 1911 walianzisha skauti yao wenyewe ndani ya chama hicho cha vijana, kisha tarehe 21 Mei 1913 wakajiunga rasmi na chama cha taifa. Walikuwa miongoni mwa taasisi za mwanzo kabisa kufanya hivyo. Mwaka 1952 wakaongeza skauti wadogo, wakaiweka chini ya Msingi, idara ya watoto, ambayo huongozwa na akina mama.

Kwa nini walishikana sana hivyo?

Kwanza, ahadi ya skauti wa Marekani inaanza na wajibu kwa Mungu na kwa nchi. Kwa jumuiya ambayo katika karne ya 19 iliwahi kufukuzwa jimbo baada ya jimbo na kushukiwa kuwa si Wamarekani kamili, sare ile ilikuwa na kazi kubwa kuliko kupiga kambi. Mtoto wa Mmormoni aliyesimama mbele ya bendera akiwa na skafu shingoni hakuhitaji kumweleza mtu yeyote kuwa ni raia mwema. Hii ni tafsiri yangu, lakini ukizitazama picha za zamani za maandamano ya Utah ni vigumu kufikiri vingine.

Pili, viongozi wakuu wenyewe walikuwa skauti wa damu. George Albert Smith aliipigania kabla hajawa Rais wa Kanisa. Ezra Taft Benson alikaa kwenye bodi ya taifa ya chama. Thomas S. Monson aliingia bodi hiyo mwaka 1969 na kubaki kwa miongo mingi, na mwaka 1993 akapewa Mbwamwitu wa Shaba, tuzo ya juu kabisa ya skauti duniani. Kumbuka jina la Monson, litarudi.

Tatu, cheo cha Eagle. Ndicho cha juu kabisa Marekani, kinadai beji 21 za ustadi pamoja na mradi wa huduma kwa jamii. Katika familia nyingi za Utah kilikuwa hatua ya maisha, kikikaa karibu na kwenda misheni na kuoa. Kuna akina mama waliokitafuta kwa bidii kuliko watoto wao, na kila mtu katika kata aliwajua.

Mwaka 2013, walipoadhimisha miaka 100 pamoja, Kanisa lilikuwa likilea vikundi zaidi ya 37,000. Hakuna mlezi mwingine aliyekuwa na vingi hivyo.

Je, kulikuwa na migogoro kabla ya hii ya karibuni?

Ndiyo, na mmoja unastahili kukumbukwa kuliko unavyokumbukwa. Katika makundi ya Kanisa, nafasi ya kiongozi mkuu wa skauti miongoni mwa wavulana ilikuwa imefungwa pamoja na nafasi ya rais wa akidi ya mashemasi, yaani kikundi cha mashemasi wa kata. Wakati huo watu weusi hawakuruhusiwa kupokea ukuhani. Hivyo mvulana mweusi aliyekuwa katika kundi la Kanisa, hata awe hodari namna gani, hakuweza kuongoza wenzake. Mwaka 1974 NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, kikaenda mahakamani. Kanisa likabadilisha utaratibu huo wa skauti mwaka huohuo. Zuio la ukuhani lenyewe liliondolewa Juni 1978.

Kwa msomaji wa Afrika jambo hili lina uzito wake. Kama si 1978, hadithi ya Kanisa hili Nairobi, Lubumbashi au Kinshasa isingekuwepo, na bila hadithi hiyo, kama nitakavyoeleza, pengine lingekuwa bado na skauti.

Nilisikia waliachana kwa sababu ya mashoga. Ni kweli?

Ni sehemu ya ukweli, na tarehe zinaonyesha kwa nini ni sehemu tu.

Mwaka 2000 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba chama kina haki ya kukataa kiongozi ambaye ni shoga. Kanisa lilikuwa upande wa chama katika kesi hiyo na liliionya mahakama kwamba, chama kikilazimishwa vingine, litajiondoa. Mei 2013 chama kikapiga kura kuruhusu vijana mashoga kuanzia Januari 2014. Kanisa halikuondoka. Julai 2015 kikaondoa zuio kwa viongozi watu wazima, huku kikiyaachia makanisa uhuru wa kuchagua viongozi wao kwa mujibu wa imani yao. Viongozi wa Kanisa huko Salt Lake City walitoa taarifa kali ya kusikitishwa, wakasema watautafakari upya uhusiano mzima. Mwezi mmoja baadaye, Agosti 26, wakatangaza wanabaki.

Mtu anayesema Kanisa liliondoka kwa hasira ya 2015 inabidi aeleze basi kwa nini lilikaa miaka minne zaidi. Hata hivyo, taarifa zile za 2015 zilitaja pia kwamba wanachama wengi wanaishi mahali ambapo skauti haipatikani, na kwamba wangefikiria programu ya dunia nzima. Sentensi hiyo ilikuwa mlango ulioachwa wazi.

Na suala la wasichana?

Oktoba 2017 chama kilitangaza kuwapokea wasichana. Msomaji wa Dar es Salaam anaweza kushangaa kwamba hilo lilikuwa habari, maana skauti wa kike wapo Afrika Mashariki muda mrefu tu. Marekani ilikuwa nyuma. Mei 2018 kikaongeza kwamba programu ya vijana wakubwa itaacha kuitwa ya wavulana. Siku chache baadaye, Mei 8, Kanisa na chama wakatoa tamko la pamoja la kuagana. Wengi walizisoma habari hizo mbili kwa mkupuo na kuona sababu na matokeo. Uamuzi wa ukubwa huo haupikwi kwa siku sita.

Ila wasichana walikuwa na nafasi katika hadithi hii kwa namna nyingine ambayo haizungumzwi sana: wasichana wa Kanisa lenyewe. Kaka wa miaka 9 alikuwa na sare, beji, mkutano wa kila wiki na kambi. Dada yake wa umri uleule alikuwa na shughuli mara mbili kwa mwezi. Kaka akipata Eagle, ukumbi ulijaa na hotuba zikatolewa. Dada alikuwa na programu yake na medali yake, lakini mara nyingi alikabidhiwa mbele ya watu wachache na bila keki. Wazazi wenye mabinti waliliona hilo kwenye bajeti ya kata, na hawakunyamaza. Kanisa lililotaka kuwapa watoto wote kitu kimoja lisingeweza kubaki na programu ambayo nusu ya watoto wake hawakuwemo.

Basi sababu hasa ni ipi?

Tamko la pamoja la 2018 lilisema Kanisa linahitaji programu moja ya malezi inayowahudumia vijana wake kote duniani. Wapo wanaoiona kauli hiyo kama kifuniko cha adabu. Mimi naiamini kuliko wao, kwa sababu ya hesabu. Kufikia wakati huo Kanisa lilikuwa na wanachama zaidi ya milioni 16, na zaidi ya nusu yao walikuwa nje ya Marekani na Kanada. Mvulana wa Lubumbashi na mwenzake wa Provo, Utah, walikuwa mashemasi katika ukuhani mmoja, lakini mmoja alikuwa na mtaala mzima unaolipiwa na makao makuu, na mwingine alikuwa na kijitabu. Hali hiyo ilivumilika Kanisa lilipokuwa la milima ya Rocky na matawi machache ya mbali. Mwaka 2018 halikuwa hivyo tena.

Dalili nyingine ilitokea mwaka mmoja kabla. Mei 2017 Kanisa lilitangaza kwamba kuanzia Januari 2018 vijana wake wa miaka 14 hadi 18 huko Marekani na Kanada hawatakuwa skauti tena. Programu zao za umri huo hazikuwa zikifanya kazi katika kata nyingi, na kila aliyewahi kuitwa kuziongoza alilijua hilo. Kwa maneno mengine, waliondoka vyumba viwili viwili kabla ya kukabidhi funguo.

Siasa je? Nadhani siasa ndizo zilizochagua saa. M. Russell Ballard, mtume, yaani mmoja wa viongozi wakuu wa Kanisa, alisema baadaye kwamba hasa si wao waliowaacha Skauti, bali Skauti ndio waliowaacha wao, na huwezi kumsikia mtume akisema hivyo ukabaki ukidhani misimamo ya chama haikuwauma. Na kuna Monson, ambaye wakati huo alikuwa Rais wa Kanisa. Alifariki tarehe 2 Januari 2018, na Russell M. Nelson akashika nafasi yake. Tamko la kuagana lilitoka miezi minne baadaye. Sidai kwamba Monson alikuwa kizuizi, maana hatua ya 2017 ilichukuliwa akiwa hai. Lakini kizazi cha viongozi waliovaa skafu maisha yao yote kilikuwa kinapita.

Je, kesi za udhalilishaji wa watoto zilichangia?

Chama kilifungua shauri la ufilisi tarehe 18 Februari 2020, wiki saba tu baada ya Kanisa kuondoka. Kilikuwa kimezidiwa na madai ya watu waliodhalilishwa kingono wakiwa watoto. Dirisha la kuwasilisha madai lilipofungwa Novemba mwaka huo, waliojitokeza walikuwa zaidi ya 82,000. Idadi hiyo inatisha hata ukiisoma mara ya pili.

Hakuna ushahidi wa wazi kwamba Kanisa liliondoka kwa kuogopa kesi, na kuondoka hakukulinusuru na yaliyopita. Kama mlezi wa maelfu ya makundi, lilitajwa katika madai mengi. Lilikubali kutoa dola milioni 250 kwenye mfuko wa waathiriwa kwa sharti la kuachiliwa kutoka madai hayo. Mwaka 2022 Jaji Laurie Selber Silverstein alikataa sehemu hiyo ya makubaliano, kwa kuwa kinga iliyoombwa ilienea hadi kwenye madai yenye uhusiano mdogo mno na skauti. Mpango mkubwa wa dola bilioni 2.46 ukapita bila Kanisa, na waathiriwa wakabaki na haki ya kulishtaki.

Wanaoulizia jambo hili kwa lengo la kulitetea au kulishambulia Kanisa kwa kawaida husahau kwamba nyuma ya kila dai kuna mtu mzima aliyekaa kimya miaka thelathini, arobaini.

Kuondoka kwa Kanisa kuliathiri vipi Skauti?

Vibaya. Vijana waliokuwa wakiondoka walikuwa takriban 425,000, karibu asilimia 20 ya vijana wote wa chama. Mwaka wa mwisho, 2019, wavulana walikimbizana kumaliza kabla mlango haujafungwa, na chama kikatoa vyeo vya Eagle zaidi ya 61,000, vingi kuliko mwaka wowote uliotangulia. Kisha zikaja pigo tatu kwa pamoja: Kanisa, ufilisi na korona. Wanachama milioni 1.97 wa 2019 walishuka hadi 762,000 mwaka 2021. Utah, mabaraza matatu ya skauti yaliunganishwa kuwa moja. Tangu Februari 2025 chama kinaitwa Scouting America.

Kanisa liliweka nini mahali pake?

Programu iitwayo Watoto na Vijana, iliyoanza Januari 2020, kwa wavulana na wasichana, nchi zote. Msingi wake ni Luka 2:52: "Naye Yesu akazidi kuendelea katika hekima na kimo, akimpendeza Mungu na wanadamu." Kutoka hapo wamepata maeneo manne: kiroho, kijamii, kimwili na kiakili. Kijana anajiwekea malengo yake mwenyewe katika kila eneo, nyumbani, akisaidiwa na wazazi. Hakuna ngazi za kupanda wala beji za kushona.

Faida yake ni kwamba haigharimu kitu. Msichana wa Mbeya anayejifunza kushona na mvulana wa Goma anayejifunza gitaa wote wamo, bila kununua sare. Udhaifu wake ni huohuo. Skauti ilimwambia mtoto afanye nini Jumanne hii, na ikampa kitu cha kushika mkononi akimaliza. Programu mpya inamwachia yeye na wazazi wake, na si kila nyumba ina mzazi mwenye muda jioni. Nimewasikia viongozi wa vijana wakilalamika kwamba kata zenye watu wabunifu zimechangamka na nyingine zimebaki kucheza mpira kila wiki.

Makongamano ya vijana ya Kwa Nguvu ya Vijana nayo yana jambo la kuvutia. Yalianza nchi nyingine, na baadaye ndipo yakapelekwa kwa vijana wa Marekani na Kanada. Kwa miaka mingi mambo yalisafiri kutoka Utah kwenda kwingine tu.

Mwanangu ni skauti shuleni hapa Kenya. Anapaswa kuacha?

Hapana. Kanisa lilichokiacha ni kazi ya kuwa mlezi wa makundi, na lilikiacha kwa vyama vya skauti vya nchi zote. Halikumkataza mwanachama yeyote kuwa skauti. Chama cha Kenya ni chombo tofauti kabisa na cha Marekani, kina uongozi wake na historia yake, na ni nchi yenye kaburi la Baden-Powell mwenyewe, aliyefariki Nyeri tarehe 8 Januari 1941. Ufilisi wa chama cha Marekani haumhusu mwanao. La kuuliza ni lilelile ambalo mzazi yeyote angeuliza popote: nani mlezi, wanalala wapi kambini, na ni watu wazima wangapi watakuwepo.

Tumehamia Utah. Je, watoto wetu wanaweza kujiunga?

Wanaweza, waumini na wasio waumini, wa kiume na wa kike. Sasa ni kundi la mtaa ambalo mlezi wake ni klabu, shule au kanisa jingine, na ada mtalipa wenyewe. Msitegemee kulikuta kundi katika kila kona kama majirani wanavyosimulia. Tafuteni kupitia baraza la skauti la eneo.

Cheo cha Eagle alichopata mtu ndani ya kundi la Kanisa bado kinahesabika?

Ndiyo. Kilitolewa na chama, si na Kanisa.

Je, Kanisa linaweza kurudi?

Sioni. Kizazi kinachotawazwa mashemasi leo hakijawahi kuvaa sare, majengo ya kuhifadhia mahema yamepata matumizi mengine, na makao makuu yameshaandika mtaala mmoja kwa lugha nyingi, Kiswahili ikiwemo. Mwanasheria yeyote wa Kanisa naye atakumbusha kwamba kuwa mlezi ndiko kulikoliingiza mahakamani. Kinachowezekana, na tayari kinatokea, ni familia moja moja kurudi kwa hiari yao, zikiwa na baba aliyekulia humo na bado ana kisu chake cha kambi kwenye droo.